Kuyeyuka, Kumumunyika na Kumenyuka: Istilahi za Metali za Alkali

Sentensi "sodiamu huyeyuka katika maji" ina maneno manne tu, na hakuna mtu awezaye kuikosoa kwa sarufi. Imo katika madaftari ya wanafunzi, na mara nyingine huvuka ikaingia katika tafsiri za vitabu na za maagizo ya maabara. Hata hivyo, aisomaye hawezi kujua ni lipi linaloelezwa kati ya mambo matatu yaliyo mbalimbali kabisa, na mojawapo la mambo hayo laweza kumpofusha mtu macho. Katika makala hii tunakusudia kueleza tabia za jamii ya metali ambamo sodiamu imo, na kuonyesha kwa nini jamii hiyo huwadai wafasiri uangalifu zaidi katika uchaguzi wa vitenzi.

Jamii yenyewe huitwa metali za alkali. Katika Jedwali Radidi, yaani lile jedwali ambalo tabia za elementi huradidi ndani yake kwa mpango, metali hizi ziko katika safu ya wima ya kwanza kushotoni: lithiamu, sodiamu, potasiamu, rubidiamu, sesiamu na fransiamu. Haidrojeni nayo huandikwa juu ya safu hiyo, lakini ni gesi na haihesabiwi katika jamii hii.

Mtu aliyezoea chuma na shaba atashangaa kuziona. Sodiamu hukatika kwa kisu kama jibini. Pale ilipokatwa hung'aa kama fedha kwa muda mfupi, kisha hufifia kwa kushambuliwa na hewa. Lithiamu, sodiamu na potasiamu ni nyepesi kuliko maji, nazo huelea. Lakini tabia inayotuhusu zaidi hapa ni wepesi wa kuyeyuka. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Sentigredi, na shaba kwenye nyuzi 1,085. Lithiamu huhitaji nyuzi 180.5 tu, sodiamu 97.8, yaani chini kidogo ya joto la maji yachemkayo, potasiamu 63.5, rubidiamu 39.3 na sesiamu 28.5. Kwa hiyo rubidiamu iliyofungwa ndani ya kichupa cha kioo ingeweza kuyeyuka kwa joto la mwili wa mgonjwa mwenye homa kali, na sesiamu ingekuwa majimaji kivulini mchana wa Januari mjini Dar es Salaam. Ama fransiamu, iliyogunduliwa na Marguerite Perey nchini Ufaransa mwaka 1939, huoza upesi mno: hata ile aina yake idumuyo zaidi hupungua kwa nusu katika muda wa dakika 22 hivi, na haijapata kukusanywa donge la kuonekana kwa macho.

Sababu ya ulaini huu imo katika ujenzi wa atomu. Atomu za metali hushikamana kwa elektroni za nje ambazo huwa ni mali ya wote. Kila atomu ya jamii hii huchangia elektroni moja tu, kwa hiyo mshikamano ni hafifu. Kadiri tunavyoteremka katika safu, atomu huzidi ukubwa, elektroni ile huwa mbali zaidi na kiini, na mshikamano huzidi kulegea. Elektroni hiyo hiyo moja, kwa kuwa hutoka kwa urahisi, ndiyo inayozifanya metali hizi ziwe kali sana zikutanapo na maji.

Sasa turudi kwenye sentensi yetu. Katika lugha ya kila siku kitenzi yeyuka hufanya kazi mbili. Barafu huyeyuka juani, na chumvi huyeyuka mchuzini. Hatuna ugomvi na matumizi hayo jikoni, wala hatuna haja ya kumsahihisha mpishi. Katika sayansi, lakini, mambo hayo ni mawili. Barafu imegeuka majimaji kwa sababu ya joto peke yake. Chumvi haikupata joto la kuigeuza majimaji, maana ingehitaji nyuzi 801, bali imetawanyika ndani ya maji mpaka isionekane. Jambo la kwanza ndilo tunalopendekeza liitwe kuyeyuka, na kinyume chake ni kuganda, kama yafanyavyo mafuta ya nazi wakati wa kipupwe. La pili liitwe kumumunyika, na kinachopatikana ni mmumunyo. Neno hili halikuletwa kutoka mbali. Mtoto humumunya peremende mpaka ikaisha kinywani kwa mate. Wala hakuna asemaye kuwa ameiyeyusha kwa moto.

Jambo la tatu ni kumenyuka. Kipande cha sodiamu kikitiwa majini hakimumunyiki. Hushambuliana na maji, hutoa gesi ya haidrojeni na joto jingi, na mahali pake hutokea kitu kingine, yaani haidroksaidi ya sodiamu, ambayo watengenezaji wa sabuni huijua kwa jina la kostiki soda. Huo ndio mmenyuko. Joto lake hutosha kuiyeyusha sodiamu iliyobaki, ikawa kijidonge cha duara kinachokimbia huku na huku juu ya maji. Haidroksaidi iliyozaliwa nayo humumunyika katika maji hayo. Basi katika nusu dakika mwanafunzi ameona kumenyuka, kuyeyuka na kumumunyika, yote matatu, katika beseni moja. Akiandika kwamba sodiamu "imeyeyuka", hakusema uongo, ila ameliacha lile lililo kubwa.

Mwalimu anayetaka kuwatenganishia wanafunzi maneno haya anaweza kuwauliza swali moja: kile cha mwanzo chaweza kurudi vipi? Sodiamu iliyoyeyushwa ndani ya mafuta ikipozwa, itaganda na kuwa sodiamu tena. Chumvi iliyomumunyika itapatikana maji yakikaushwa. Lakini maji yaliyotiwa sodiamu, hata yakikaushwa yote, hayatarudisha sodiamu; kitakachobaki ni haidroksaidi, nayo huunguza ngozi. Swali hili laweza kufanyiwa kazi kwa mdomo na ubao tu. Jaribio lenyewe ni la mwalimu mwenye ujuzi, kwa kipande kisichozidi punje ya mtama, nyuma ya kioo cha kinga. Potasiamu huwa kali zaidi: haidrojeni hushika moto papo hapo kwa mwali wa rangi ya zambarau.

Kuna neno jingine linalotatiza, nalo ni madini. Wapo wanaolitumia kwa maana ya metali, na kwa dhahabu kosa halionekani sana, kwa kuwa dhahabu huchimbwa ikiwa dhahabu. Metali za alkali hazipatikani hata mara moja zikiwa peke yake ardhini. Kinachochimbwa ni kampaundi zake. Magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya ni madini yenye sodiamu ndani yake, lakini si metali, na ndiyo maana mama huyatia katika chungu cha maharage pasipo mlipuko wowote. Vivyo hivyo, mtaalamu wa lishe asemaye kwamba ndizi zina potasiamu hana maana ya vipande ving'aavyo vya metali. Anazungumzia ioni, yaani atomu zilizokwisha kuitoa ile elektroni moja, zikatulia. Mfasiri aandike "metali ya sodiamu" pale panapohusu metali, na "ioni za sodiamu" au "chumvi za sodiamu" panapohusu hayo. Neno sodiamu peke yake litoshe pale tu ambapo muktadha umekwisha kuondoa shaka.

Walimu huuliza pia kwa nini sodiamu huandikwa Na, na potasiamu K. Humphry Davy wa Uingereza, aliyezitenga metali hizi mbili kwa umeme mwaka 1807, aliziita kwa majina ya soda na ya potashi, neno ambalo asili yake ni majivu ya chunguni. Wanakemia wa Ujerumani na Sweden walipendelea natrium na kalium, na alama zikafuata majina hayo. Natrium ina nasaba na neno la Kiarabu natrun, ambalo ndilo lililomo pia katika jina la Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Kalium hutokana na al-qali, majivu ya mimea, ambayo ndiyo iliyozaa neno alkali. Kwa sababu hiyo wapo waandishi waliochagua natiri na kali kuwa istilahi za Kiswahili. Natiri haina ubaya. Kali, kwa maoni yetu, haifai: "metali kali" ni potasiamu, au ni metali yoyote yenye ukali? Sodiamu na potasiamu zimekwisha kuzoewa madarasani, na hatuoni faida ya kuziondoa.

Mwisho, neno kwa watumishi wa serikali wanaotafsiri maagizo ya usalama. Metali za alkali huhifadhiwa ndani ya mafuta, na zikishika moto hazizimwi kwa maji. Hufunikwa kwa mchanga mkavu au unga maalumu wa kuzimia moto wa metali. Lebo iseme waziwazi: "Humenyuka vikali na maji. Usizime kwa maji." Ikiandikwa "huyeyuka katika maji", msomaji ataelewa kwamba maji ni dawa yake. Uangalifu huo huo unahitajika kwa betri za simu na za pikipiki za umeme. Nyingi kati ya hizo ni betri za ioni za lithiamu, na zikiwaka wazima moto huzipoza kwa maji mengi. Zipo pia betri ndogo zisizochajiwa ambazo ndani yake mna metali yenyewe ya lithiamu. Kuziita zote "betri za lithiamu" katika agizo moja ni kumwacha mlinzi wa ghala akisie mwenyewe kama achukue ndoo ya maji au ya mchanga.