Nyota za utosini na kiti cha kuzitazamia

Mnunuzi wa darubini huulizia ukubwa wa kioo, huulizia lenzi, huulizia itaukuza Mwezi mara ngapi. Kiti haulizii. Usiku wa kwanza husimama uani, huinama, hupiga goti, na baada ya robo saa shingo imekaza na sayari ya Zohali imekuwa doa linalochezacheza. Lawama zote huangukia lenzi, ilhali mara nyingi kasoro iko kwenye mkao wake.

Watazamaji wa nyota wenye uzoefu huhesabu kiti kuwa sehemu ya darubini, na sababu zao zina msingi wa kisayansi. Tatizo ni kwamba ushauri mwingi kuhusu viti hivyo umeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani Kaskazini, ambao mara nyingi sayari huwapitia chini. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, sayari hupita juu, karibu na utosi. Hapo hesabu ya kiti hubadilika, na inaweza kuwa nafuu kwetu.

Mwale wa milimita moja

Mwanga unaotoka kwenye lenzi ya jicho, ile unayochungulia, huwa umekusanywa kuwa mwale mwembamba. Unene wake hupatikana kwa kugawa kipenyo cha darubini kwa idadi ya mara inazokuza. Darubini yenye kioo cha milimita 200 ikikuza mara 150 hutoa mwale wa milimita 1.3 tu. Mboni ya jicho lazima ikae palepale mwale unapopita. Kichwa kikisogea milimita tatu au nne, taswira hukatika.

Sasa mtu aliyesimama hatulii kabisa. Misuli ya miguu hufanya kazi bila kukoma kumzuia asianguke, na kila inapomrekebisha, kichwa huyumba. Aliyeinama huyumba zaidi, kwa kuwa uzito wa kiwiliwili umetoka mbele ya nyayo. Aliyeketi ameukabidhi uzito huo kwa kiti, na kichwa chake hutulia.

Utulivu huo unahitajika kwa muda mrefu. Jicho likitoka kwenye mwanga wa taa huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani ili kurudisha kemikali iitwayo rodopsini, ambayo huziwezesha seli za retina kuhisi mwanga hafifu. Seli hizo hazipo katikati kabisa ya retina, kwa hiyo anayetafuta wingu la gesi angani hulitazama kwa kando kidogo, wala halikodolei macho. Kutazama kwa kando huku shingo inauma ni kazi ngumu.

Hewa nayo ina lake. Tabaka za hewa yenye joto tofauti huupinda mwanga huku na huko, ndiyo maana nyota humetameta. Hewa ikitulia kwa sekunde moja au mbili, mikanda ya mawingu ya Mshtarii (Jupita) hujitokeza waziwazi, kisha hupotea tena. Anayeona ni yule ambaye jicho lake lilikuwa mahali pake sekunde hiyo ilipofika.

Shingo inabeba nini

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5. Kikiwa wima juu ya mabega, pingili za shingo hubeba uzito huo bila taabu. Kikiinamishwa mbele, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukivuta kisianguke, na mvuto huo huongeza mgandamizo kwenye pingili. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alichapisha hesabu ya kimodeli inayoonyesha kwamba kichwa kikiinama nyuzi 60 shingo hupata mzigo wa takriban kilo 27. Alikuwa akizungumzia watumiaji wa simu, lakini anayechungulia lenzi iliyo chini ya kidevu chake hukaa mkao uleule.

Kuinua kichwa nyuma kuna madhara yake pia. Wazee na wenye matatizo ya pingili za shingo wanaweza kupata kizunguzungu wakikaa hivyo muda mrefu. Jambo hili linatuhusu sana sisi tunaoishi karibu na ikweta, kwa sababu darubini nyingi za lenzi zinazouzwa kwa wanaoanza huja na kioo cha kupinda mwanga kwa nyuzi 45. Kioo hicho kinafaa kutazamia mlima au meli. Darubini ikielekezwa utosini, humlazimu mtu kutazama juu kwa nyuzi 45, shingo imekunjika nyuma. Badala yake tafuta kioo cha nyuzi 90: bomba likiwa wima, wewe unatazama mbele moja kwa moja, kama unavyotazama ukuta.

Kero hii ni ya zamani. Katika miaka ya 1840 mhandisi Mskoti James Nasmyth aliamua kuunda darubini inayotoa mwanga kupitia katikati ya ekseli yake, ili lenzi ya jicho isipande wala kushuka bomba linapoinuliwa. Alikaa kwenye kiti kilichofungwa kwenye jukwaa la kuzunguka pamoja na darubini, akatazama mbingu bila kubadili mkao. Mpangilio wake ungali unatumika kwenye darubini kubwa za kisasa, zikiwemo za Keck kule Hawaii, ingawa siku hizi mahali pa jicho pamechukuliwa na kamera na vipimo vizito.

Hesabu ya utosi wetu

Sayari husafiri ndani ya mkanda mmoja wa anga unaokwenda nyuzi 23 na nusu hivi kaskazini na kusini mwa ikweta ya mbingu. Mjini London, sayari iliyo kwenye ncha ya kusini ya mkanda huo hupanda hadi nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho. Ikiwa kwenye ncha ya kaskazini, hufika nyuzi 62. Mjini Dar es Salaam, iwe kwenye ncha ipi, sayari ikifikia kilele cha safari yake ya usiku huwa kwenye nyuzi 60 hivi au zaidi, na zipo nyakati inapita utosini kabisa. Nairobi huwa juu zaidi: kama nyuzi 65 kwenda juu.

Chukua darubini ya kioo cha milimita 200 yenye bomba la mita 1.2 hivi, iliyokalishwa juu ya kitako cha mbao kinachozungushwa kwa mkono. Mtindo huo una jina la John Dobson, Mmarekani aliyeueneza kutoka San Francisco, na wanaoanza huupenda kwa kuwa hutoa kioo kikubwa kwa bei ya chini. Lenzi ya jicho iko karibu na mdomo wa bomba, kwa hiyo bomba likiinuka nayo huinuka. Kutoka nyuzi 15 hadi 60, lenzi hiyo hupanda sentimita 35 hivi. Kutoka nyuzi 60 hadi utosini hupanda sentimita 8 tu, kwa kuwa bomba lililokaribia kusimama wima haliongezi kimo sana hata likizidi kuinuliwa.

Maana yake ni hii: mtazamaji wa London anahitaji kiti cha kupanda na kushuka. Wa Dar es Salaam, akiwa na subira ya kungoja sayari ifike juu, anaweza kuitazama akiwa kwenye kiti kimoja cha kawaida. Atakapotaka vitu vya kusini, mambo yatabadilika. Msalaba wa Kusini haupandi zaidi ya nyuzi 37 hivi ukiwa Dar, na Wingu Kubwa la Magellan huishia nyuzi 27 hivi. Hapo atahitaji kigoda.

Darubini ya lenzi hugeuza mambo. Lenzi yake ya jicho iko mkiani, hivyo bomba likielekea utosini mkia hushuka. Kwenye stendi ya kawaida ya miguu mitatu, lenzi ya jicho inaweza kufika sentimita 90 tu kutoka ardhini. Mwenye darubini hii hukaa kwenye kigoda akitazama sayari, na kwenye kiti cha kawaida akitazama Msalaba wa Kusini.

Pima kwanza

Fanya kazi hii mchana, mdomo wa bomba ukiwa umefunikwa. Jua likiingia kwenye darubini iliyo wazi huliunguza jicho papo hapo.

Elekeza bomba nyuzi 30, kisha 60, kisha wima kabisa. Kila mara pima kimo cha lenzi ya jicho kutoka ardhini. Halafu keti wima, na mwenzako apime kutoka unapokalia hadi kwenye jicho lako. Kwa watu wazima wengi ni kati ya sentimita 70 na 80. Toa kipimo hiki kwenye kimo cha lenzi. Lenzi ikiwa sentimita 118 na jicho lako likiwa sentimita 76 juu ya kiti, unahitaji kiti cha sentimita 42, ambacho pengine tayari unacho sebuleni.

Jibu likishuka chini ya sentimita 30, fikiria kuinua darubini badala ya kujishusha. Kiti kifupi sana hukunja magoti kupita kiasi, na mwenye maumivu ya goti hupata taabu kunyanyuka. Kitako cha mtindo wa Dobson kinaweza kuwekwa juu ya jukwaa imara la mbao. Stendi ya miguu mitatu inaweza kurefushwa, ingawa kadiri miguu inavyorefuka ndivyo inavyotikisika ukigusa darubini. Na jibu likizidi sentimita 55, hakikisha kiti kina mahali pa kukanyaga. Miguu ikining'inia, ukingo wa kiti huminya mapaja na ganzi huingia.

Kiti gani

Kiti cha plastiki ni rahisi kupatikana, na kukipandanisha na kingine cha aina ileile huongeza sentimita kadhaa. Udhaifu wake ni miguu myembamba inayozama mchangani, kwa hiyo kitandikie ubao. Kiti cha ofisini hupanda na kushuka vizuri, ila magurudumu yake hayafai kwenye udongo, na sakafuni huteleza kila unaposogeza bomba. Kiti cha mpiga ngoma za bendi kimekaa vizuri zaidi: ni cha mviringo, kina miguu mitatu iliyotanuka, na hurefushwa kwa kuzungusha skrubu.

Kinachosifiwa sana na watazamaji wa Marekani ni kiti cha mbao chenye fremu mbili zilizounganishwa juu kwa bawaba na kuachana chini. Fremu ya mbele ina vipandio, na ubao wa kukalia hunasishwa kwenye kipandio chochote. Uzito wa mkaaji ndio unaoukaza ubao. Akisimama, huuchomoa na kuuhamisha kwa mkono mmoja. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukitengeneza akionyeshwa mchoro. Mwambie mambo matatu: miguu itanuke kuliko ubao wa kukalia, kuwe na mnyororo au kamba ya kuzuia fremu zisiteleze, na miguu ya mbele itokeze vya kutosha, maana mtazamaji huegemea mbele na kiti kinaweza kubinuka.

Mwenye darubini za macho mawili hahitaji chochote kati ya hivyo. Nyota zikiwa utosini, kiti cha kujilaza, kitanda cha kamba au mkeka wenye mto humwondolea shingo mzigo wote.

Palipo na foleni ya watoto kiti hakifai, kwa sababu kila mmoja ana kimo chake. Susan Murabana na wenzake wa The Travelling Telescope nchini Kenya hupeleka darubini kwenye shule, na anayefanya kazi kama hiyo atafaidika zaidi na ngazi fupi yenye mahali pa kushika. Bila mahali hapo, mtoto atashika bomba.

Giza na mbu

Usiku wa 31 Desemba 1783, theluji ikiwa imefunika ardhi, mwanaastronomia Caroline Herschel alikimbia gizani kurekebisha darubini ya kaka yake William, akanaswa na ndoana ya chuma juu ya goti. Giza linalomfaa mtazamaji linaweza kumwangusha pia. Bandika utepe mweupe kwenye miguu ya kiti na ya stendi, na tumia tochi nyekundu hafifu, kwani mwanga mwekundu hauiathiri sana rodopsini.

Kwetu kuna hatari nyingine. Mbu aina ya Anopheles arabiensis, mmoja wa waenezaji wakuu wa malaria, mtu anapokaa nje hupendelea kuuma nyayo na sehemu ya chini ya mguu. Saa mbili za kukaa kimya gizani ni karamu kwake. Vaa suruali ndefu na soksi nzito, na ukijipaka dawa ya kufukuza mbu yenye DEET, futa viganja kabla ya kugusa darubini: kemikali hiyo huyeyusha baadhi ya plastiki.

Kabla ya kumlipa fundi, kikalie kiti nusu saa mchana huku jicho likiwa mbele ya lenzi iliyofunikwa. Ukijikuta unapindisha shingo, unajiinua kwa vidole vya miguu au unashikilia bomba ili usianguke, mrudishie akate au aongeze. Na ganzi au maumivu yakishuka kutoka shingoni hadi mkononi, na yakaendelea hata baada ya kupumzika, hayo ni ya kumwona daktari.