Kompyuta Ngumu: Ngumu kwa Nini, na kwa Nani?

Siku hizi kompyuta si mgeni tena vijijini. Twaiona katika zahanati, katika ofisi ya ushirika, mezani pa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na katika kile kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala kilicho karibu na soko. Nyingi ni zile za kukunjwa kama kitabu, yaani kompyuta mpakato. Ni chombo kizuri. Lakini wengi walio nacho wana manung'uniko yale yale: “Haikumaliza miaka miwili.” Bawaba imevunjika, vitufe vimejaa mchanga, kioo kimepasuka kwa kuwa mtoto aliikalia, au imezimika kimya siku iliponyeshewa juu ya pikipiki.

Ndugu msomaji, si ajabu. Mashine hizo zilitengenezwa kwa ajili ya mtu aketiye ofisini, kwenye meza safi, umeme tayari ukutani. Lakini ziko kompyuta za namna nyingine, zilizoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu afanyaye kazi nje: mpima ardhi, fundi wa nguzo za umeme, askari, mhudumu wa gari la wagonjwa, fundi wa matrekta. Hizo ndizo kompyuta ngumu. Zikiwa mpya, bei yake huweza kufika maelfu ya dola, na wanunuzi wake ni serikali na makampuni makubwa. Zikishatumika huko miaka kadhaa huuzwa kwa mitumba, kwa bei ambayo pengine kikundi chaweza kuichanga. Na hapo ndipo wanachama wanapoanza kuulizana: je, tununue, au tutapoteza fedha zetu?

Ilianzaje?

Mwaka 1982 kampuni ya Marekani iitwayo GRiD Systems ilitoa kompyuta ya kukunja iliyoitwa Compass. Aliyebuni umbo lake ni Mwingereza, Bill Moggridge. Bei yake ilikuwa dola 8,150, na uzito wake kilo tano hivi. Gamba lake lilikuwa la magnesiamu, metali iliyo nyepesi kuliko alumini, na sehemu ya kuwekea kumbukumbu haikuwa na kitu chochote kinachozunguka. Shirika la NASA liliichukua hata angani, ndani ya vyombo vyake vya Space Shuttle.

Mwaka 1996 kampuni ya Panasonic ya Japani ikatoa mashine ya kwanza ya jina la Toughbook, ambalo hata leo lajulikana kuliko mengine katika ukoo huu. Wengine walioshika kazi hiyo ni Getac wa Taiwan na Dell wa Marekani.

Siri ya ugumu wake

Watu hudhani kwamba ugumu ni unene wa gamba tu. Sivyo. Mafundi hufanya mambo matatu: huondoa kinachozunguka, huziba kilicho wazi, na hutia mto chini ya kilichobaki.

Kwanza, kinachozunguka. Katika kompyuta nyingi za zamani kuna diski izungukayo mara 5,400 kwa dakika moja, na juu yake kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea karibu mno, kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Mashine ikipigwa dafrao wakati inafanya kazi, kichwa hicho hukwaruza diski, na hesabu zote za kikundi hupotea. Kwa hiyo waundaji wa kompyuta ngumu walikuwa wakiiviringishia diski kitu laini cha kuzuia mshtuko. Leo ziko diski za aina ya SSD zisizozunguka kabisa. Nyingine hazina hata feni. Joto la ndani hupitia katika gamba la chuma likatoka nje, na vumbi halina mlango.

Pili, kilicho wazi. Kila tundu la kuchomekea waya lina kifuniko chenye ukingo wa mpira, na vitufe vimekingwa ili maji yaliyomwagika yasifike ndani. Tatu, mto: pembe zimevikwa mpira, na kioo hakikugusana na gamba moja kwa moja.

Tena kioo chenyewe kina mwanga mkali. Kompyuta ya kawaida hutoa mwanga wa niti 250 au 300 hivi, na ukitoka nayo juani huoni kitu ila sura yako mwenyewe. Ile ngumu huweza kufika niti 1,000 na kuzidi, hata karani asome uzito wa kahawa mezani chini ya mti.

Lakini kila jema lina gharama yake. Toughbook 40, iliyotoka mwaka 2022, yapita kilo tatu. Akina mama wanaotembea kwa miguu toka kitongoji hadi kitongoji walipime jambo hilo kwanza.

Neno “ya kijeshi” lisikudanganye

Wauzaji wengi hupenda kusema, “Hii ni ya kiwango cha kijeshi.” Maneno hayo yametoka katika kitabu cha kanuni cha Marekani kiitwacho MIL-STD-810, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1962. Hakikuandikwa kwa ajili ya kompyuta peke yake, bali kwa vifaa vya jeshi vya kila namna. Chaeleza jinsi ya kukijaribu kifaa kwa joto, baridi, mvua, mchanga, mtikisiko na kuanguka.

Jaribio la kuanguka laonyesha vizuri maana yake. Kwa kanuni za toleo la mwaka 2008, kifaa kidogo huangushwa mara 26 toka kimo cha sentimita 122, juu ya ubao uliolazwa kwenye sakafu ya zege. Kwa nini 26? Hesabu mwenyewe sanduku lolote: lina pande 6, kingo 12 na pembe 8. Kila moja hupata zamu yake. Lakini kanuni zaruhusu kazi hiyo igawanywe kwa mashine tano za aina moja, yaani si lazima moja ianguke mara zote 26.

Jambo jingine: jeshi halipigi muhuri kwenye kompyuta za madukani. Kampuni hujipimia yenyewe, au hulipa maabara, na huchagua majaribio inayoyataka. Mmoja aweza kujaribu joto na mtikisiko tu, akaandika “ya kijeshi” juu ya sanduku, na mwenzake aliyejaribu mvua, mchanga na kuanguka akaandika maneno hayo hayo. Basi, usiulize, “Je, ni ya kijeshi?” Uliza, “Imejaribiwa nini na nini?”

Tarakimu mbili za kukumbuka

Kipimo kilicho wazi zaidi ni kile kinachoanza na herufi IP, kisha tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza yahusu vumbi: 5 maana yake vumbi laweza kuingia kidogo, lakini si la kuharibu kazi, 6 maana yake haliingii kabisa. Tarakimu ya pili yahusu maji: 3 ni manyunyu kama ya mvua, 4 ni maji ya kurushwa toka kila upande, 5 ni maji ya bomba yatokayo kwa nguvu, 6 ni ya nguvu zaidi, na 7 ni kuzama katika maji ya kimo cha meta moja kwa nusu saa.

Toughbook 40 ina IP66. Mashine yenye IP53 yastahimili manyunyu na vumbi la kiasi, lakini usiiweke chini ya bomba. Na isiyo na tarakimu hizi kabisa, ichukulie kuwa ni kompyuta ya mezani, hata ikiwa na rangi ya majani makavu na pembe nene za mpira.

Mashine ya watoto

Pengine utasema, “Hizi ni za matajiri.” Lakini mwaka 2005 Mmarekani Nicholas Negroponte alitangaza mpango wa kumpa kila mtoto wa nchi maskini kompyuta ya bei ya dola 100. Mashine yenyewe, iitwayo XO, ilianza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007. Bei ilipanda ikapata dola 188 hivi, lakini ilikuwa kazi ya ufundi mwema. Haikuwa na diski ya kuzunguka wala feni. Gamba lake la plastiki lilikuwa na unene wa milimeta 2, badala ya 1.3 ya desturi. Vitufe vilifunikwa kwa mpira wa kipande kimoja. Kioo kilisomeka juani. Tena ndani ya mkono wa kubebea ziliwekwa skrubu za akiba, ili aitengenezaye asihangaike kuzitafuta dukani.

Majirani zetu wa Rwanda walizipokea mashine hizo zaidi ya 200,000. Kwa ugumu wa gamba, zilifaa sana kwa mikono ya watoto. Lakini gamba si kila kitu. Mahali pengine zilikaa kabatini kwa kukosa umeme au mwalimu aliyefundishwa kuzitumia. Nchini Peru, Benki ya Maendeleo ya Amerika ilichunguza shule 319 za vijijini, na mwaka 2012 ikatoa habari kwamba maksi za hesabu na za lugha hazikuongezeka kwa sababu ya mashine hizo.

Hapo twapata fundisho ambalo kila kikundi kilishike kabla ya kutoa senti. Maisha ya kompyuta ni kama mnyororo. Gamba ni pete moja tu. Nyingine ni betri, nyingine ni programu zilizo ndani, nyingine ni fundi na vipuri, na nyingine ni mtu anayeitumia. Ikikatika moja, ugumu wa zile nyingine haufai kitu.

Ukienda kununua ya mtumba

Tazama mambo haya kwa utaratibu, wala usione haya kumchelewesha muuzaji:

1. Programu. Kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa kanuni za kampuni hiyo, haikubali mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Kwa hiyo waweza kuuziwa mashine yenye mwili wa chuma na programu isiyolindwa tena dhidi ya wezi wa mtandao. Uliza mwaka wake. Ikiwa ya zamani, fundi aweza kuitia Linux, ambayo ni ya bure na bado hutunzwa. Lakini hakikisha kwanza kwamba yupo atakayewafundisha.

2. Mpira wa vifuniko. Fungua kila kifuniko. Mpira ukiwa umekauka au umepasuka, tarakimu za IP si za kweli tena. Usiijaribu kwa kuimwagia maji!

3. Betri. Iwashe bila waya, uitazame kwa nusu saa. Kisha uliza kama betri nyingine yapatikana, na kwa bei gani.

4. Neno la siri. Mashine za makampuni pengine hufungwa kwa neno la siri la ndani kabisa. Muuzaji asipoweza kulifungua mbele yako, umenunua jiwe.

5. Stakabadhi. Isiwe mali ya wizi, kesho polisi wakabisha hodi kwa katibu wenu.

6. Chaja. Hizi mara nyingi hutaka chaja yake maalumu. Pia uliza kama kuna ile ya gari, ya volti 12. Hiyo itawafaa walio na betri ya sola ya volti hizo hizo.

Ni ya nani, basi?

Tuseme mashine ya kawaida bei yake ni fungu moja, na ile ngumu ya mtumba mafungu mawili. Karani wa ushirika aendaye kwenye vituo vya kununulia mazao, juani na vumbini, ataua mashine za kawaida moja baada ya nyingine. Huyo anunue ngumu. Mhudumu wa afya apandaye pikipiki wakati wa masika naye vivyo hivyo. Lakini mwanafunzi anayeandika nyumbani, au katibu ambaye mashine yake haitoki ofisini, aokoe fungu moja. Mfuko mzuri, kitambaa cha kufunikia na kifaa cha kukinga umeme wa kupanda na kushuka vitamtosha.

Aliye nayo naye asibweteke kwa kuwa ni ngumu. Afunge vifuniko kila akichomoa waya. Apanguse vitufe kwa brashi laini. Na zaidi ya yote, kila juma atoe nakala ya hesabu zote, aiweke katika flashi, na flashi hiyo ikae nyumba nyingine, kwa mweka hazina au kwa mwenyekiti. Maana hakuna gamba linalozuia mwizi wala moto. Mashine ya IP66 ikiibwa usiku mmoja, akiba ya kaya arobaini imo ndani yake, na asubuhi hakuna ajuaye nani amelipa na nani anadaiwa.

Kabla ya kuchanga, kikundi kikae siku moja kijibu maswali manne: kazi itafanyika wapi, nani ataitumia, nani ataitengeneza, na nakala zitakaa kwa nani. Majibu yaandikwe katika daftari la mikutano. Likikosekana hata jibu moja, fedha zingoje kwanza.