Mikufu ya malakiti baada ya kazi

Wamama, asubuhi tuko darasani na chaki. Usiku, watoto wakishalala, tunatunga mikufu ya malakiti, lile jiwe la kijani linalotoka Kolwezi pamoja na shaba. Mwanzoni tulisaga mawe makavu jikoni. Vumbi likatua kwenye sahani, mtoto mmoja akaanza kukohoa. Vumbi hilo lina shaba, si la kuvuta! Sasa tunasagia nje, jiwe limelowa maji, barakoa usoni. Na mteja tunamwonya: usiusafishe kwa ndimu, itakula jiwe.

Pesa ya mikufu hatuichanganyi na mshahara. Mshahara ukichelewa tunakopa humo kununua unga, tunaandika kwenye daftari. Mwezi huu tumeandikwa sote wanne.