Jua Linapopita Juu ya Kulesa

Mtu akisimika mti ulionyoka katika uwanja wa Kulesa, kando ya Mto Tana, karibu na tarehe 15 Machi, ataona jambo la ajabu kidogo. Itakapokaribia saa sita u nusu ya mchana kivuli cha mti kitatoweka, kana kwamba kimemezwa na ardhi, kwa kuwa jua liko juu ya utosi. Jambo hilo hutukia tena karibu na tarehe 28 Septemba. Kati ya tarehe hizo mbili jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na kivuli huelekea Malindi. Miezi mingine huelekea Hola. Sababu ni kwamba Kulesa iko kusini ya Ikweta kwa digrii 2 na kidogo, na dunia hulizunguka jua hali imeinama.

Wako wanaodhani ya kuwa joto kali la Februari na Machi huletwa na jua kusogea karibu. Sivyo. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzo wa Januari, umbali wa maili 91,400,000 hivi, wakati ambapo watu wa Ulaya wanatetemeka kwa baridi. Kilicho kikubwa ni jinsi miali inavyoanguka: ikishuka wima hukusanyika mahali padogo, ikija mshazari hutawanyika.

Jua lenyewe si moto kama wa kuni. Ni tufe la gesi, hasa haidrojeni na heli, na upana wake ni sawa na dunia 109 zilizopangwa mstari mmoja. Katika kiini chake joto lafikia digrii 15,000,000 za sentigredi. Huko haidrojeni hugeuka kuwa heli, na katika kugeuka huko nguvu hutoka. Nguvu hiyo hupenya tabaka nzito polepole mno, kwa maelfu mengi ya miaka, hata ifike mahali ambapo gesi hupanda na kushuka kama uji uchemkao chunguni. Uso tuuonao una digrii 5,500 hivi. Lakini nuru ikisha kutoka haikawii tena: huwasili Kulesa kwa dakika 8 na theluthi.

Katika kila ratli 1,000 za uzito wa jua pamoja na vyote vilizungukavyo, jua peke yake lina ratli 998. Mshtarii, Zohali, Zuhura, dunia yetu na vinginevyo hugawana mbili zilizobaki. Kwa uzito huo jua huzivuta sayari zote zisipotee.

Kwa mkulima wa Kulesa, hata hivyo, kazi kubwa ya jua ni kuteka maji. Joto lake hugeuza maji ya Bahari ya Hindi kuwa mvuke, na pepo huuchukua mpaka Mlima Kenya na Nyandarua, zilipo chemchemi za Tana. Tena ukanda wa mvua hulifuata jua, ukichelewa majuma kadhaa: jua likipita utosini mwezi wa Machi, mvua kubwa huja Aprili na Mei, likipita Septemba, mvua ndogo hufuata Oktoba na Novemba. Ndiyo maana Tana hujaa mara mbili kwa mwaka, na Wapokomo tangu zamani wamepanda mpunga kwa kufuata kujaa huko. Lakini tangu bwawa la Masinga kukamilika mwaka 1981, sehemu ya maji huzuiwa juu, na mafuriko hayashiki tena desturi yake yote. Mkulima aweza kulisoma jua sawasawa na shamba likabaki kavu. Mwaka 2018, kinyume chake, maji yalizidi kiasi, yakawahamisha watu wengi wa Tana ya chini.

Atakaye kuujaribu mti ule atazame kivuli, asilitazame jua lenyewe, hata kwa miwani myeusi, maana ndani ya jicho huungua pasipo maumivu. Mti wa futi 6 watosha. Kila juma, saa sita na dakika 20 ya mchana, aweke kokoto penye ncha ya kivuli. Mwaka ukiisha, kokoto hizo zitakuwa zimechora mchangani tarakimu ya 8, nyembamba na ndefu, toka kaskazini mpaka kusini.