Wauza viti chini ya wingu

Picha ya dhoruba, hata ikipigwa na fundi, ni nadra kurudisha gharama ya petroli iliyochomwa kuifuata. Wanaoishi kwa kazi hii katika nyanda za kati za Marekani wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kila Mei na Juni, hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico hukutana na hewa kavu inayoshuka kutoka Milima ya Rocky, na anga la Texas, Oklahoma, Kansas na Nebraska huchafuka. Marekani hupata tonado zipatazo 1,200 kwa mwaka, na hakuna nchi nyingine inayoikaribia. Bidhaa ipo tele, basi. Mnunuzi ndiye adimu.

Kwa miaka mingi hakuna aliyemtafuta. David Hoadley, anayetajwa kama mwasisi wa mchezo huu, alianza kufuata dhoruba Dakota Kaskazini mwaka 1956, na mwaka 1977 akaanzisha jarida dogo la Storm Track kwa ajili ya wenzake. Walikuwa watu wenye ajira zao, waliomalizia likizo barabarani. Kisha ikaja filamu ya Twister mwaka 1996, na kampuni za kuwatembeza watalii chini ya mawingu, zilizokuwa za kuhesabika, zikaanza kupata wateja wa kutoka Uingereza hadi Australia.

Hapo ndipo pesa ilipo. Mteja hulipa maelfu ya dola kwa safari ya wiki moja au siku kumi, nauli yake ya ndege ikiwa pembeni, na mkataba unamweleza bayana kwamba tonado haiahidiwi. Waendesha safari wa Arusha wataielewa biashara hii bila kufundishwa: mgeni ananunua kiti ndani ya gari, chui akijitokeza ni bahati yake. Ila chui ana makazi yake. Dhoruba ya leo itakufa usiku, na ya kesho huenda ikazaliwa jimbo jingine, kilomita 700 kutoka hapo. Kwa hiyo hakuna hoteli inayowekwa nafasi mapema. Chumba hutafutwa jioni kwa simu, katika mji mdogo wenye moteli mbili, huku kila mwinda dhoruba wa wilaya nzima akikipigania chumba hicho hicho.

Katika hesabu hizo picha inabaki kuwa tangazo, lakini tangazo lisilo na mbadala. Dhoruba kubwa inayojizungusha, ambayo wataalamu huiita supaseli, kwa kawaida huelekea mashariki au kaskazini-mashariki. Mpiga picha hujipanga kusini-mashariki mwake, akitazama magharibi, pazia la mvua likiwa upande wake wa kulia. Mbele yake kuna tako la wingu lisilo na mvua, jeusi, limetanda, na chini yake jua linalozama hupenyeza mwanga wa rangi ya chungwa. Lenzi ni pana, ya milimita 16 hadi 35, kwa sababu kitu anachokipiga kina upana wa kilomita nyingi. Upepo hauji kutoka kwenye dhoruba bali unampiga mgongoni ukiingia ndani yake, kwa hiyo mkono mmoja haubanduki kwenye stendi ya kamera. Radi zikisogea karibu, yeye hurudi garini na kuiacha kamera nje ikipiga yenyewe. Ana dakika chache tu, kisha sharti ahamie mashariki kabla mvua ya mawe haijamfikia. Huko si mawe ya kuokota na kutafuna: lililookotwa Vivian, Dakota Kusini, Julai 2010 lilikuwa na kipenyo cha sentimita 20 na uzito wa karibu gramu 900. Kioo cha mbele kimo kwenye bajeti ya msimu, na wengine hufunga wavu wa chuma juu yake. (Wenye magari ya kukodisha nadhani hawapendi kusoma makala kama hii.)

Wapo waliofanikiwa kuuza picha kama picha. Mitch Dobrowner, kwa dhoruba zake za rangi nyeusi na nyeupe, alitwaa tuzo kuu ya Sony World Photography Awards mwaka 2012. Mike Olbinski wa Arizona amejijengea jina kwa filamu zinazoharakisha mwendo wa mawingu, na mvua za jimbo lake za Julai hadi Septemba humpa msimu wa pili, wenzake wa Kansas wakiwa wameshaegesha magari. Lakini hao ni wa kuhesabu kwa vidole.

Wengi hutegemea video, iwe ya kuuziwa vituo vya televisheni au ya kurushwa moja kwa moja mtandaoni kwa mapato ya matangazo na michango ya watazamaji. Video nayo huibwa kabla tope halijakauka kwenye matairi. Sheria ya Marekani inaruhusu fidia ya dola 750 hadi 30,000 kwa kazi moja, na hadi 150,000 mwizi akithibitika alikusudia, lakini kwa kawaida mpaka kazi iwe imesajiliwa kwa wakati. Fomu ya usajili wa hakimiliki imekuwa kifaa cha kazi sawa na lenzi.

Ushindani huu una gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Mei 31, 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, tonado yenye upana wa kilomita 4.2 iliwaua Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young, wote wazoefu. Walikuwa wawinda dhoruba wa kwanza kujulikana kuuawa na tonado yenyewe. Gari ndilo linaloua zaidi: watatu walikufa katika mgongano karibu na Spur, Texas, Machi 2017, na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Oklahoma katika ajali barabarani wakirejea kutoka kwenye dhoruba, Aprili 2022.

Kama anga lingekuwa ndio mtaji, Kabare ya Kivu Kusini ingekuwa tajiri. Utafiti wa takwimu za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka katika nafasi ya pili duniani, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa radi zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Anayeishi Bukavu hahitaji kuambiwa. Lakini kumfukuzia mtu wingu kunataka barabara, na Kansas ina njia za vumbi zilizokata mashamba kwa miraba ya kilomita 1.6. Kunataka usalama pia, na rada.

Rada hizo, kama zilivyo taarifa za kituo cha kutabiri dhoruba kilichopo Norman, Oklahoma, ni mali ya umma na hutolewa bure. Programu za simu zinazouzwa kwa wawinda dhoruba zinaufungasha upya mzigo huo huo. Sekta nzima binafsi, kwa maneno mengine, imejengwa kwenye kiwanja cha serikali bila kulipa kodi ya pango. Machi 2025, kwa upungufu wa wafanyakazi, idara ya hali ya hewa ilisimamisha kurusha maputo ya kupima anga Omaha, Nebraska, na Rapid City, Dakota Kusini, katikati ya eneo lenyewe la kazi, wiki chache kabla ya msimu. Puto la asubuhi ndilo huonyesha kama tabaka la hewa ya joto litaizuia dhoruba isizaliwe hadi jioni. Likikosekana, mwenye magari matatu na wageni waliokwisha kulipa lazima bado achague saa nne kama aelekee kaskazini au kusini, na akikosea hakuna wa kumrudishia petroli.