Pumba katika uyoga: kiasi gani, na moto wa saa ngapi?



Mwaka 2023 mgao wa chakula hapa Uganda uligawanywa kwa makundi matatu kufuatana na hali ya kila nyumba, na kundi la tatu likaachwa bila mgao. Toka hapo watu wengi hapa Nakivale wananiuliza habari ya kulima uyoga nyumbani. Uyoga hautaki shamba, na huo ndio uzuri wake kwa mtu mwenye kipande kidogo cha ardhi. Unataka kivuli, maji, usafi na mabaki ya mavuno ambayo wengi tunayachoma moto bure.

Swali linalorudi kila mara ni hili: tuweke pumba au tusiweke? Nitalijibu kwa urefu, kwa sababu jibu la kwanza nililolitoa kuhusu jambo hili liliwapotezea akina mama wa kikundi kimoja pesa yao ya likelemba.

Uyoga ninaousema ni ule ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita mamama, na wataalamu wanauita Pleurotus. Kofia yake ni pana kama sikio, nyeupe au ya kijivu, na huota kwa mafungu. Ndio rahisi kuliko uyoga mwingine wa kuuza, na unavumilia joto la huku kwetu. Kuna aina nyingine zenye bei kubwa zinazolimwa kwenye mbao, lakini hizo zinachukua miezi mingi, na sishauri mtu aanze nazo.

Uyoga unakula nini

Uyoga hauna majani ya kijani, hivyo hauwezi kujitengenezea chakula kwa jua kama mahindi. Unakula mabaki ya mimea: mabua na maganda makavu ya maharage, majani makavu ya ndizi, magunzi yaliyopondwa, au maganda ya mbegu za pamba kwa mwenye kuyapata. Mabaki hayo ni mengi lakini yana naitrojeni kidogo. Pumba za mahindi au za mpunga zina naitrojeni zaidi. Ndiyo sababu vitabu vinasema ongeza pumba upate mavuno makubwa, na vitabu havikosei.

Lakini pumba hazipendwi na uyoga peke yake. Ukungu wa kijani, bakteria na inzi wadogo nao wanazitaka, na wao hukua upesi kuliko uyoga. Mabua matupu ni chakula kigumu. Mamama unakiweza, lakini ukungu wa kijani unapata shida nacho. Ukiweka pumba umerahisisha chakula kwa wote, na mwenye mbio ndiye anayekula kwanza. Kwa hiyo kila unapozidisha pumba, lazima uzidishe na moto, ili wale wengine wafe kabla mbegu ya uyoga haijaingia.

Kosa lenyewe

Kikundi kilikuwa na mabua makavu ya maharage kilo 20. Nilikuwa nimesoma kwamba pumba ziwe asilimia 20. Akina mama waliyalowanisha mabua, yakachuja, tukapima, yakawa karibu kilo 57. Mimi na kalamu yangu nikapiga hesabu ya asilimia 20 juu ya hizo kilo 57 na kusema, leteni pumba kilo 11. Mama mmoja aliyekuwa akifuga nguruwe kwao Masisi aliniuliza, "Mwanangu, hizi si nyingi?" Nikamwambia kitabu kimesema.

Kitabu kilisema asilimia 20 ya uzito mkavu. Kilo 20 kavu zilitaka kilo 4, nasi tuliweka 11. Tena kile kitabu kilikuwa kinaeleza mifuko inayopikwa ndani ya mashine ya mvuke wenye mgandamizo, kwa nyuzi joto 121, karibu saa mbili. Sisi tulikuwa na pipa, na kuni zikatuishia baada ya saa tatu. Tulijaza mifuko 22. Baada ya siku nane, 19 ilikuwa ya kijani na inanuka. Mbegu ilikuwa imenunuliwa mjini kwa pesa ya zamu ya mama mwingine katika likelemba, aliyekubali kungoja.

Niliuliza na kusoma upya. Vipimo vilivyo hapa chini tumevijaribu katika pipa lile lile, na akina mama wale wale ndio waliovisimamia.

Vipimo

Pima mabua yakiwa makavu, kabla maji hayajayagusa. Hesabu zote zinatoka hapo. Kwa mabua makavu kilo 10:

Pumba nusu kilo ndiyo asilimia 5. Ukiwa na pipa na kuni za saa nne, simama hapo.

Pumba kilo 1 ndiyo asilimia 10. Hapo unataka mvuke wa saa nane au zaidi. Kilo 2, yaani asilimia 20, ni kazi ya mwenye mashine ya mgandamizo, au wa kukesha na pipa usiku mzima. Sioni faida yake hapa kambini. Kuni zinazoliwa ni nyingi, na mnajua wenyewe safari ya kuni ilivyo kwa mama au binti, na maneno tunayoyapata kwa wenyeji.

Kwa pumba za asilimia 5 tumevuna karibu kilo 7 za uyoga mbichi kutoka kila kilo 10 za mabua makavu, kwa mavuno matatu. Bila pumba tulipata kilo 5. Kwa hiyo pumba zinasaidia, lakini hata asiye nazo anakula.

Kuna sababu nyingine ya kutozidisha. Mfuko wenye pumba nyingi hujipasha joto wenyewe ndani, kama lundo la majani mabichi. Joto la katikati likivuka nyuzi 35 hivi, utando wa uyoga unadhoofika au unakufa, hasa mifuko ikiwa imerundikwa chini ya bati. Iachie nafasi kati ya mmoja na mwingine, hata kama chumba ni kidogo.

Kupika kwa pipa

Katakata mabua urefu wa kidole. Yaloweke usiku mmoja, yachuje, kisha changanya pumba vizuri. Kamata konzi moja uikamue kwa nguvu: yakitoka matone mawili matatu, maji yanatosha. Yakichuruzika, ni mengi na mfuko utaoza. Lisipotoka hata tone, ongeza kidogo. Kilo 10 kavu zikilowa sawasawa zinakaribia kilo 28.

Weka mawe au kichanja chini ya pipa, maji yasiyafikie mabua. Jaza mchanganyiko katika magunia safi, yaingize, funika kwa gunia na kipande cha shitingi kilichofungwa kwa kamba, ukiacha tundu dogo la mvuke. Saa zinahesabiwa tangu mvuke utoke kwa nguvu juu. Kuwasha moto bado si kuanza kuhesabu. Watu wengi wanakosea hapa: pipa kubwa linaweza kuchukua saa mbili kabla katikati haijapata moto. Angalieni pia maji ya chini yasikauke. Ikibidi kuongeza, ongezeni yaliyochemka, kwa sababu maji baridi yanaua mvuke.

Mkimaliza, msifungue. Liacheni lipoe lenyewe mpaka asubuhi.

Nasema kupika katika gunia kwa sababu kavera ya kawaida inaweza kulainika na kuharibika katika mvuke. Mwenye mifuko migumu inayostahimili moto anaweza kupika ndani ya mifuko yenyewe, na ni salama zaidi.

Asiye na kuni

Njia hii haina moto wala pumba. Tafuta chokaa iliyozimwa, ile ya unga wanayotumia wajenzi. Chokaa ya kutia shambani ni dhaifu, haifai kazi hii. Koroga kilo 1 katika pipa la maji lililokaribia kujaa, zamisha mabua matupu, yakandamize kwa jiwe, yakae tangu jioni mpaka kesho yake mchana. Kisha yachuje saa kadhaa mpaka yapite jaribio la konzi. Maji hayo ni makali sana, ndiyo maana yanaua vijidudu. Yanaunguza ngozi na macho pia. Vaa glovu au mifuko mikononi, watoto wakae mbali, na msiyamwage bustanini au karibu na bomba.

Usichanganye pumba baada ya chokaa. Pumba mbichi zinakuja na vijidudu vyake, na kazi yote inakuwa bure.

Kwa mtu anayeanza, mimi ningesema aanze na chokaa, mifuko mitano tu.

Kupanda na kutunza

Funga mlango, zuia upepo, nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kisha jipake spiriti. Mbegu ya uyoga ni nafaka iliyofunikwa na utando mweupe. Ukiona kijani au ukisikia harufu ya uchachu, irudishe ulikoinunua. Kwa kilo 28 zilizolowa tumia mbegu kilo 1 na robo. Weka tabaka la mabua, nyunyiza mbegu, tabaka tena, huku ukishindilia. Mfuko wa kilo 3 unatosha. Funga mdomo, toboa matundu machache na uyazibe kwa pamba safi.

Mifuko ikae gizani wiki tatu hivi bila kumwagiwa maji. Utando mweupe utaenea. Mfuko wenye doa la kijani utoe siku hiyo hiyo na uuzike mbali. Usiufungue ndani kuangalia, maana vumbi lake ndilo mbegu ya ukungu.

Ukishakuwa mweupe wote, uhamishie penye mwanga kidogo na hewa, uchane sehemu nne au tano. Sasa maji yanatakiwa: nyunyiza sakafu na kuta mara tatu kwa siku, zaidi kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi. Tundika magunia yaliyolowa. Uyoga ukitoa shina refu na kofia ndogo, unakosa hewa, hivyo fungua dirisha. Kofia zikipasuka pembeni, unakosa unyevu.

Mkiona vinaota vijiuyoga vyembamba ambavyo kofia yake inageuka maji meusi kama wino, hiyo si mamama. Huja mahali pumba zilipozidi na moto ukapungua. Tupeni. Na kitu chochote kinachoota mfukoni kisichofanana na mamama msikipike, hata kama nyumba haina mboga. Wengi wetu kutoka Kivu tumelelewa tukiokota uyoga msituni na wazee waliokuwa wanaujua mmoja mmoja, lakini misitu ya huku si ile, na wazee wengine tuliwaacha.

Vuna kofia zikiwa bado zimeinama pembeni, kwa kuzungusha fungu zima. Ukichelewa, kofia zinanyooka na kumwaga vumbi jeupe jepesi. Vumbi hilo linaleta kikohozi na kubana kifua kwa watu wengine. Hivyo msilale chumba kimoja na mifuko inayozaa. Najua nyumba zetu ni chumba na pazia. Jengeni kibanda cha nyasi na shitingi ubavuni, au jirani wawili mtumie kimoja.

Mavuno ya pili huja baada ya siku kumi hivi, kisha ya tatu. Baada ya hapo mfuko umechoka, na mabaki yake ni mbolea nzuri ya mboga.

Neno juu ya chakula

Nimesikia katika semina kwamba uyoga ni nyama ya maskini. Tuseme ukweli: uyoga mbichi ni maji kwa sehemu tisa katika kumi. Kilo moja ina protini gramu 30 hivi, wakati kilo ya maharage makavu inazidi gramu 200. Kwa hiyo msiuze maharage yote kwa kutegemea uyoga. Uyoga unaongeza ladha na mboga, na sokoni unaweza kurudi nyumbani kama maharage. Usiouzika anika juani siku hiyo hiyo: kilo 10 mbichi zinabaki karibu kilo 1 kavu, na kavu inakaa miezi mahali pasipo na unyevu.

Kile kikundi kilirudisha pesa ya zamu katika mavuno ya mara ya tatu. Yule mama wa nguruwe ndiye anayepima pumba sasa, mimi nashika daftari.

Kikundi kinachotaka kuanza kisinunue mbegu kabla ya kufika ofisi ya huduma za jamii, Jumanne au Alhamisi asubuhi. Mzani tunao. Njoni na mabua yakiwa makavu.