Baiskeli Kuukuu na Milima ya Mbulu

Dongobesh ipo katika nyanda za juu za Mbulu, penye njia za kupanda na kushuka. Baiskeli kuukuu ya Phoenix, iliyotoka China, hufufuliwaje ibebe gunia la mahindi huko?

Kwanza fundi huifungua, huosha gololi kwa mafuta ya taa na kuzitia grisi mpya, kwani msuguano hula nguvu za mpandaji. Kisha hutazama meno. Gia ya mbele ikiwa na meno 48 na ya nyuma 16, mzunguko mmoja wa pedali huzungusha gurudumu mara 3. Ya nyuma ikiwa ya meno 20, gurudumu huzunguka mara 2.4 tu: mwendo hupungua, lakini nguvu inayotakiwa kwenye pedali kupanda mlima uleule hupungua kwa sehemu moja ya tano. Mnyororo huongezwa pingili mbili.

Hata hivyo, mlima uliopandwa hushukwa. Uzito wote ukiwa mara mbili, nishati ya mwendo huwa mara mbili. Kasi ikiwa mara mbili, nishati huwa mara nne. Nishati hiyo yote huzuiwa na vipande vidogo vya mpira wa breki. Basi mpira uliolika ubadilishwe kabla ya kupaka rangi mpya.